Kobe Ninja ya 1989: jinsi ya kuanza bila kumaliza sarafu zote kwenye nyumba ya April

Maswali ni yale yale kila mwezi. "Mbona nimenunua gemu ya Kobe Ninja lakini siuoni ule moto wanaousifia?" "Mbona nakufa hata sijaguswa?" "Kati ya wale kobe wanne, yupi mkali?" La mwisho lilitoka kwa mpwa wangu, na ndilo lililonikalisha chini kuandika: "Mjomba, hii gemu nimeimaliza kabla maharage hayajaiva. Utamu wake uko wapi?"

Nikaenda kuangalia alivyocheza. Kila alipokufa alibonyeza kitufe cha kuongeza sarafu, akafufuka palepale alipoangukia, akaendelea kupiga. Hakujifunza kitu hata kimoja. Mwishoni alimshinda Shredder, adui mkuu wa gemu, kama mtu anayevunja ukuta kwa kuurushia watu.

Gemu ninayoizungumzia ni Teenage Mutant Ninja Turtles ya Konami, iliyotoka mwaka 1989 kwenye mashine kubwa za kusimama, zile za kutumbukiza sarafu. Imechotwa kwenye katuni ya televisheni iliyoanza Marekani mwaka 1987, si kwenye vitabu vya picha vya Kevin Eastman na Peter Laird vya mwaka 1984, ambako hao kobe ni wakali zaidi na wote wanne wamefunga vitambaa vyekundu. Rangi nne tofauti zilikuja na katuni, na kwenye mashine zilipata kazi ya maana: ile ya wachezaji wanne ilikuwa na vijiti vinne, kila kimoja na kobe wake, ukijua rangi yako umejua pa kusimama.

(Kuhusu jina: najua kuna watakaosema "kasa". Kasa ni wa baharini na ana makasia badala ya vidole, upanga angeushikaje? Kobe inatosha.)

Jambo moja lishike kabla hatujaanza. Mashine hii ilitengenezwa ili imeze sarafu. Maadui wanaokuja mgongoni, pizza za kuhesabu, bosi (adui mkubwa wa mwisho wa hatua) anayekuua kwa mwale mmoja, vyote viliwekwa ili mkono wako urudi mfukoni. Nyumbani sarafu ni za bure, kwa hiyo usipojiwekea kikomo mwenyewe, gemu haina cha kukufundisha.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Gemu yenyewe, kwa njia halali. Rahisi zaidi ni mkusanyiko uitwao Teenage Mutant Ninja Turtles: The Cowabunga Collection, uliotoka Agosti 2022. Una gemu 13 za zamani, na unapatikana kwa PlayStation 4 na 5, Xbox One na Series, Nintendo Switch, na kompyuta kupitia Steam, duka la gemu la mtandaoni.
- Kadi ya kulipia mtandaoni. Kadi za muda zinazotolewa na huduma za pesa za simu mara nyingi hukubaliwa. Jaribu kwanza na kitu cha bei ndogo.
- Padi (kifaa cha mkononi cha kuchezea) moja kwa kila mchezaji. Kibodi inaweza kumtosha mtu mmoja, ila mkigombania kibodi moja wawili mtajuta, na sababu nimeieleza kule chini.
- TV au skrini ya kompyuta, na waya wa HDMI usiolegea.
- Intaneti ya kupakulia. Ukicheza na watu walio chumba kimoja, baada ya hapo huihitaji.
- Watu. Gemu inachezeka peke yako, lakini iliundwa kwa wanne wanaosukumana viwiko.

Kuhusu MAME, maana lazima mtaniuliza. MAME ni programu halali na ya bure ya kuigiza mashine za zamani. Imekuwepo tangu mwaka 1997. Tatizo si programu, ni mafaili ya gemu. Faili la gemu ya Konami lililookotwa mtandaoni ni mali ya watu, na mara nyingi huja na virusi juu yake. Ukitaka kuijaribu MAME kwa amani, tovuti yake rasmi ina gemu chache ambazo wenyewe wameruhusu zipakuliwe bure, kama Gridlee na Robby Roto. Kobe hawamo.

Hatua kwa hatua

1. Fungua gemu iliyo sahihi. Usicheke. Hili ndilo kosa namba moja. Ndani ya mkusanyiko kuna gemu mbili za mwaka 1989 zenye jina lilelile. Moja ni ya mashine ya sarafu, nyingine ni ya NES, ile mashine ya nyumbani ya Nintendo. Ya NES ni kitu kingine kabisa: unatembea kwenye ramani ukionekana kutoka juu, halafu unaogelea chini ya bwawa kutegua mabomu huku majani ya umeme yanakukaanga. Anayeanza huifungua hiyo, hufia majini mara tano, kisha huandika kwamba gemu za zamani ni mateso. Tafuta iliyoandikwa "Arcade". Ukiona nyumba inaungua na kobe wanaingia kumwokoa mwandishi wa habari April O'Neil, umefika.

Kuna na ya tatu ya kuchanganya: TMNT II: The Arcade Game, ya NES. Hiyo ndiyo ileile ya mashine, imepunguzwa picha ikaongezewa hatua mbili, na ilipotoka ilikuwa imejaa matangazo ya Pizza Hut ukutani. Ina raha yake, ila si hii.

2. Tengeneza picha kabla ya kulaumu vidole vyako. TV za sasa huchakata picha kabla ya kuionyesha, na kuchakata huko kunachelewesha. Wewe umebonyeza, kobe anapiga baadaye kidogo, na "kidogo" hiyo inatosha kufa. Ingia kwenye mipangilio ya TV utafute hali ya michezo, kwa kawaida imeandikwa "Game Mode". Iwashe. Halafu ndani ya gemu acha picha na umbo lake la karibu mraba, yaani 4:3. Usiivute ijaze skrini nzima. Kobe watanenepa na utakosea kukadiria umbali.

3. Panga vitufe viwili, basi. Mashine ya asili ilikuwa na kijiti na vitufe viwili tu kwa kila mchezaji: kupiga na kuruka. Viweke pale ambapo kidole gumba kimoja kinaweza kuvibonyeza vyote viwili kwa mpigo, maana utavihitaji hivyo. Kwenye menyu hiyohiyo angalia kitufe cha kuingiza sarafu na kile cha kuanza. Nusu ya wanaosema "gemu imeganda kwenye picha ya mwanzo" hawajaweka sarafu.

4. Jiwekee sarafu. Kwa anayeanza, tano. Zikiisha, umekufa, unarudi mwanzo. Ukifika kwenye hatua ya mifereji ya maji machafu kwa sarafu tano, punguza ziwe nne. Mimi huweka vifuniko vya soda mezani, kila nikifa natoa kimoja. Inaonekana utoto, lakini kifuniko kinachobaki peke yake mezani kinakufanya ucheze kama mtu aliyetumwa dukani na hela ya mwisho.

5. Chagua kobe kwa urefu wa mkono. Donatello, zambarau, ana fimbo ndefu, hivyo anampiga adui kabla adui hajamfikia. Anza naye. Leonardo, buluu, ana panga mbili na yuko katikati kwa kila kitu. Michelangelo, rangi ya chungwa, na Raphael, mwekundu, wana silaha fupi na inabidi wasogee karibu sana. Raphael nampenda kuliko wote, na ndiye aliyenigharimu sarafu nyingi kuliko wote.

6. Acha kutembea kwa mstari ulionyooka. Kama utasoma hatua moja tu, soma hii.

Sakafu ya gemu hii ina kina. Unaweza kwenda kushoto na kulia, lakini pia juu na chini, kama mtu anayetembea barabarani akahamia upande wa pili. Pigo lako linampata adui ikiwa tu mko karibu mstari mmoja wa sakafu. Na lake hivyohivyo. Anayeanza humwona askari, humfuata moja kwa moja uso kwa uso, na wote wawili hurusha ngumi kwa wakati mmoja. Umeumia bure.

Fanya hivi: mwone, panda juu kidogo au shuka chini kidogo utoke kwenye mstari wake, msogelee kwa mshazari, kisha ingia kwenye mstari wake huku tayari unapiga. Au subiri. Simama nje ya mstari wake, yeye mwenyewe atahama aje kwenye wako, na akikanyaga tu, piga. Ukizoea hili utaona maadui wamekuwa wajinga ghafla. Hawajabadilika, wewe ndiye umeacha kujipeleka.

7. Jifunze pigo la vitufe viwili. Bonyeza kuruka na kupiga kwa pamoja. Leonardo, Donatello na Michelangelo wanarusha pigo kubwa la silaha, Raphael anajiviringisha chini na kumalizia kwa teke. Pigo hili lina nguvu kuliko la kawaida na halikugharimu uhai wowote. Ubaya wake ni kwamba linachukua muda, na ukilikosa unabaki wazi. Kwa hiyo liandae adui akiwa njiani anakuja, usisubiri akufikie. Teke la hewani, yaani kuruka kisha kupiga ukiwa juu, ndilo la kutorokea ukiwa umezingirwa.

8. Linda mgongo. Askari wa Foot, wale wenye mavazi ya kininja (kwenye katuni ni roboti, ndiyo maana wanalipuka badala ya kutoka damu), hupenda kukugawana pande mbili. Mmoja akikushika kwa nyuma, mwenzake anakutandika mbele. Ukishikwa, tikisa kijiti kushoto na kulia huku ukibonyeza vitufe mpaka akuachie. Dawa nzuri zaidi ni kutoshikwa: wakitokea pande zote mbili, kimbilia upande mmoja, upite, ugeuke. Sasa wote wako mbele yako.

9. Tumia vitu vya barabarani. Koni za barabarani, mita za maegesho, mapipa: vingi ukivipiga vinakwenda kuwaumiza waliosimama jirani. Pipa linalipuka, kwa hiyo vuta maadui kwanza walizunguke. Mashimo ya barabarani yaliyoachwa wazi nayo si mapambo, utatumbukia.

10. Pizza ina mwenyewe. Pizza ndiyo inarudisha uhai, na anayeigusa ndiye anayekula. Usiipitie ukiwa mzima. Mkiwa wanne, wekeni sheria kabla ya kuanza: mwenye uhai mdogo anapiga kelele, wengine wanajitenga. Kwetu tumeshawahi kusitisha mchezo robo saa kwa kesi ya pizza moja.

11. Mabosi. Kanuni ni ileile ya hatua ya 6, ila sasa kosa linauma zaidi. Rocksteady, yule kifaru anayekungoja mwisho wa nyumba ya April, ana bunduki. Usikae kwenye mstari wake. Mzunguke juu na chini, ingia piga mara moja au mbili, toka. Tamaa ya pigo la tatu ndiyo inayoua. Bebop, nguruwe, anafuata mtaani na anataka subira hiyohiyo. Baxter Stockman kule kwenye mifereji anapaa na chombo chake na kudondosha viroboti vyenye meno. Safisha viroboti kwanza, kisha rukia chombo.

Baadaye Rocksteady na Bebop wanarudi pamoja. Hapo usipigane katikati yao kamwe. Wapange wawe upande mmoja, hata kama itakuchukua dakika nzima ya kuzunguka.

Shredder nitamtaja kwa sababu moja tu. Anajigawa, unaona zaidi ya mmoja, na ana mwale unaokurudisha kuwa kobe wa kawaida wa bwawani. Ukikugusa umekufa, hata kama uhai wako ulikuwa umejaa. Hili ndilo jibu la swali "mbona nakufa hata sijaguswa". Kaa nje ya mstari wao, daima.

12. Kurudisha nyuma ni mwalimu, si mkongojo. Mkusanyiko una uwezo wa kurudisha mchezo nyuma kwa sekunde kadhaa na wa kuhifadhi popote. Vitumie kwenye mazoezi tu: ukifa kwa Rocksteady, rudisha, angalia ulikuwa umesimama wapi, jaribu tena mpaka uelewe. Ukianza mchezo wa sarafu tano, usiviguse.

Makosa yanayojirudia

Kubonyeza kitufe cha kupiga mfululizo kama unatwanga kisamvu. Pigo likikosa, kobe anamalizia mwendo wake wote kabla ya kukusikiliza. Piga kwa hesabu.

Kukimbilia mbele. Skrini inasogea unaposogea, na kila kipande kipya kinaleta kundi jipya. Maliza waliopo kwanza. Kwenye ngazi za ile nyumba inayoungua, mipira mikubwa inayoviringika kutoka juu inawavunja hasa wale wenye haraka.

Kuongeza wachezaji mkidhani itakuwa rahisi. Mkiwa wengi, maadui nao wanaongezeka.

Likikataa

*Padi haionekani kabisa kwenye kompyuta.* Ichomeke kabla ya kufungua gemu. Kama unatumia Steam, ingia kwenye mipangilio ya padi ndani ya Steam yenyewe na uhakikishe imeitambua hapo kwanza. Padi za bei rahisi zisizo na jina wakati mwingine zina swichi ya kubadili aina nyuma, ijaribu.

*Padi ya pili inamwendesha kobe wa kwanza.* Zimepeana nafasi vibaya. Funga gemu, chomoa zote, chomeka moja moja kwa mpangilio wa wachezaji, fungua tena.

*Wawili kwenye kibodi moja, vitufe vingine havifanyi kazi.* Kibodi nyingi haziwezi kusoma vitufe vingi vikibonyezwa kwa pamoja. Si gemu, si kompyuta. Mpe mmoja padi.

*Kobe anatembea mwenyewe.* Kijiti cha padi kimechakaa. Tumia vile vitufe vya mshale vya padi. Kwa gemu hii ni bora hata kama kijiti ni kizima.

*Padi zisizo na waya zinakatika mkiwa wanne.* Chaji zote, sogeeni karibu, na kama inawezekana wawili watumie waya.

*Bado inachelewa baada ya kuwasha hali ya michezo.* Jaribu kwenye skrini ya kompyuta. Ikiwa sawa huko, tatizo ni TV. Kama unapitisha sauti kwenye spika ya bluetooth na mlio unachelewa ila picha iko sawa, hiyo ni spika tu.

*Steam inagoma kufungua bila intaneti.* Ifungue mara moja ukiwa na bando, fungua na gemu yenyewe, kisha ndani ya Steam chagua kuendelea bila mtandao. Fanya hivyo kabla ya kusafiri, si ukiwa tayari kijijini kwa bibi.

*Mkicheza mtandaoni inakwama-kwama.* Mashine ya sarafu ni mojawapo ya gemu zinazoruhusu kucheza na wa mbali, lakini kwa bando la simu usitegemee makuu. Mtu anayepakua kitu nyumba hiyohiyo ndiye mshukiwa wa kwanza.

*Umeme umekatika katikati.* Usipohifadhi, umepoteza. Siku ambazo umeme unasumbua, hifadhi kila baada ya bosi na uhesabu kwamba hiyo si kuvunja sheria ya hatua ya 12.

*Nimeinunua, haifunguki kabisa kwenye kompyuta yangu.* Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu kununua na kama umecheza chini ya saa mbili. Usikae nayo wiki tatu ukingoja muujiza.

*Nimeimaliza kwa sarafu moja, sasa?* Turtles in Time ya 1991 imo humohumo kwenye mkusanyiko, na humo unaweza kumrusha askari akagonga kioo cha skrini yako.